Mgeni wa Mwanangu

Binti yangu alipoondoka hakulia, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Alikalishwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mama yangu, akafungwa kanga kiunoni asiteleze, akapewa kipande cha muwa. Mimi nilisimama mlangoni, barakoa usoni na kichanga begani, nikimpungia. Akanipungia ule muwa. Pikipiki ikakata kona penye shamba la kokoa la jirani, nikabaki na mlio tu, nao ukaisha.

Alikuwa na miaka miwili na kidogo. Mdogo wake, wa kiume, alikuwa hajamaliza mwezi. Na mimi nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba nina kifua kikuu.

Kikohozi kilianza nikiwa na mimba. Huku kwetu Ndandalo kila mtu ni daktari: huyu alisema ni pumba za mpunga, yule alisema ni baridi. Jirani yangu mmoja alitangaza kisimani kwamba nimekonda kwa sababu nimeshika mimba nikiwa bado nanyonyesha, na kwamba nimembemenda binti yangu, ndiyo maana ana miguu kama njiti. Nilimwambia aende kwanza akatazame miguu ya wa kwake. Tulinuniana mpaka nilipojifungua. Kisha asubuhi moja nikakohoa damu juu ya beseni la nepi, na yeye ndiye aliyekuja mbio kunishika mgongo.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mama mtu mzima asiyepoteza maneno. "Utapona," aliniambia, "ila dawa ni miezi sita na usiruke hata siku moja. Kichanga utaendelea kumnyonyesha, uvae barakoa, naye nitampa dawa yake ya kinga. Na huyu mkubwa nitampa. Lakini huyu kama ana bibi, aende kwa bibi, mpaka makohozi yako yawe safi."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa anamwona. Muda wote tukizungumza, binti yangu alikuwa amenipanda mapajani, anaivuta barakoa chini ili auone mdomo wangu. Nikiirudisha, anaivuta. Alidhani tunacheza.

Mama yangu anakaa kandokando ya ziwa, mbele ya Matema, pale barabara inapokoma na ukitaka kuendelea unapanda mtumbwi. Ni mfinyanzi. Mimi mwenyewe nimekua katikati ya vyungu, kabla sijaolewa huku bondeni kwenye mpunga. Alipopigiwa simu alikuja kesho yake. Hakuuliza mengi. Alifunga vidonge vya mjukuu wake kwenye pindo la kanga, akasema, "Wewe nyonyesha upone. Huyu niachie mimi."

Kuumwa ukiwa na kichanga hakuna ushujaa wowote. Unaamka, unameza vidonge mumeo akikutazama mpaka akuone umemeza, unakojoa mkojo mwekundu kwa sababu ya dawa, unatapika, kisha unakaa kitako unanyonyesha, maana mwenye njaa hataki kusikia habari za vidonge. Mume wangu alijitahidi, Mungu amlipe. Alinipikia mbalaga mpaka nikaona ndizi zimenifanyia njama. Akiniletea usipa, wale dagaa wa ziwani, wa moto, alikuwa ananisimamia kama mwalimu wa zamu, na nikiacha chakula ananyamaza kwa namna ya kunisema.

Mtoto yule mdogo alinijua kwa macho tu. Alicheka mara ya kwanza akinitazama juu ya barakoa, nami nikacheka chini yake, asione. Ilikuwa furaha, sikatai. Lakini nilimpakata huyu huku namtaka yule. Nilimtaka mpaka naona haya. Nilikuwa nambembeleza mdogo kwa jina la utani la dada yake bila kujua, na mume wangu akisikia hanisahihishi. Nilitamani harufu ya kichwa chake akiamka. Nilitamani hata ubishi wake, na mwendo wake wa kutanguliza tumbo kama diwani anayekagua daraja. Kitandani alikuwa analala kikingamo na kutusukuma wote ukutani, na nilikuwa nalalamika kila asubuhi. Sasa nafasi ilikuwepo, na usingizi sikuupata.

Makohozi yakawa safi. Muuguzi aliponiambia nilivua barakoa pale pale nikataka kwenda ziwani siku hiyo hiyo. Lakini mvua zilikuwa zimeshaingia, na mvua za Kyela hazina adabu. Mto ulivunja kingo, maji yakakaa kwenye mpunga, njia ya kwenda Matema ikakatika sehemu mbili. Ziwa nalo lilichafuka, mitumbwi ikavutwa nchi kavu. Mume wangu akasema tusubiri maji yashuke. Maji yaliposhuka nikaanguka njiani kwa kizunguzungu, akasema tusubiri nipate nguvu. Nguvu zilipoanza kurudi, mpunga uliosalia ukawa umeiva, na mpunga haumsubiri mtu. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ingekuwa afadhali.

Kijijini kwa mama simu hazishiki vizuri, lakini Jumamosi huleta vyungu gulioni Matema, na pale mtandao upo. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilikuwa najiandaa tangu asubuhi, nachaji simu kwa jirani, nafikiria nitakachomwambia. Mwanzoni binti yangu alikuwa ananisimulia. Amekula samaki. Ameona mbuzi. Baadaye akawa anapumua tu. Nilikuwa naisikia ile pumzi na kelele za wanunuzi nyuma yake, nikisema, "Mwanangu, ni mimi, sema na mimi," naye anapumua. Jumamosi moja mama alimuuliza, "Nani huyo anaongea?" Akajibu kwa uhakika kabisa, "Ni simu."

Mama alicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikakata simu, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka maziwa yakalowesha gauni.

Tulipomaliza kuvuna, mume wangu alibaki kuanika mpunga, mimi nikafunga safari na mtoto mgongoni. Nilipita mjini kwanza. Nilinunua biskuti, pipi, soda ya chungwa, na gauni la njano lenye mkanda. Nilipimia gauni kwa kukumbuka, nikanyoosha kiganja mpaka pale kichwa chake kilipokuwa kinaishia pajani mwangu. Muuzaji akaniuliza, "Ana miaka mingapi?" Nikamwambia, "Huyu ninamjua mwenyewe."

Kutoka Matema tulipanda mtumbwi wenye injini, milima upande mmoja, nami nimeng'ang'ania ukingo hadi mwenye mtumbwi akaniuliza kama naogopa maji. Nimezaliwa kwenye maji yale. Nilikuwa naogopa kufika.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amechuchumaa karibu na vyungu vilivyoanikwa, amekuwa mrefu, amenenepa, na nywele amesukwa kwa mtindo nisioujua. Nilimwita. Akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi, akaja mbele yangu. Akapiga magoti.

"Shikamoo," alisema. "Karibu."

Kisha akaenda ndani akatoka anaburuza kigoda, akakiweka kivulini, akakaa pembeni na kutazama chini, kama mtoto aliyefundwa vizuri anavyokaa mbele ya mgeni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akamsifu. Mimi nilikaa kwenye kile kigoda.

Mama yangu akaja, akapokea sukari niliyomletea akishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," akanitazama mwili wote kama anayepima kilo. Akamwambia mtoto, "Huyu ndiye mama yako, uliyekuwa unaongea naye kwenye simu." Mtoto akatikisa kichwa kukubali, kwa heshima tu. Nikamvalisha gauni la njano. Halikupita mabegani. Nilikuwa nimemnunulia mtoto wa kwenye kumbukumbu, na huyu hakuwa yeye. Biskuti alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazipeleka kwa bibi yake. "Mama, shika."

Jioni nilishindwa kujizuia. Mama alikuwa anakanda udongo, nami nikasimama mbele yake na hasira zangu zote.

"Umemfundisha kukuita mama?"

Hakuacha kukanda. "Wewe unaniita nani?"

"Mama."

"Kaka zako wananiita nani? Wake zao?"

"Mama."

"Basi yeye angeniita nani? Shemeji?"

Hapo mama akaacha kukanda. Akanyanyua uso. "Na wewe umekuja na biskuti. Tangu umefika unamwomba, unamsifu, unamcheka kila neno. Anayefanya hivyo ni mgeni. Mtoto hajakosea."

Kesho yake niliendelea kuwa mgeni, maana sikujua kingine cha kuwa. Nilimwita kwa sauti ya asali. Akimwaga maji nasema si kitu. Alinipitia kama mtu anavyopita nguzo, akienda kwa bibi yake na kurudi, na kila akisema "mama" shingo yangu ilikuwa inageuka yenyewe.

Siku ya tatu asubuhi mama alinipa beseni, sabuni na dodoki. "Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe. Leo mimi simwogeshi, simpikii uji, simsikii. Nina vyungu vya gulio."

Nilijua alikuwa anafanya nini. Najua pia ilimgharimu, kwa sababu hakunitazama alipokuwa anasema, na mama yangu ni mtu wa kukukazia macho hata akikuombea.

Mtoto alikataa uji. Alikataa kuoga, akakimbia na povu kichwani. Nilipomfuata alijificha nyuma ya kuni. Nilirudi kumtazama mdogo, niliyemlaza kwenye mkeka, na nilipogeuka dada yake alikuwa ameshafika, amemwinamia. Nikafikiri anamwangalia ndugu yake, na moyo ukalainika. Akambana shavu kwa kucha, akazungusha.

Mdogo alipiga ukelele ambao sijausahau. Nami sikukumbuka biskuti, wala sauti ya asali. Niliruka, nikamshika yule mkubwa mkono, nikampiga kofi la kiganjani, nikamfokea kwa sauti yangu yote ya Ndandalo, ile ya kufukuza ndege kwenye mpunga. "Unamfinya mdogo wako? Nani kakufundisha? Nimesema hivi, ukirudia utaniona!"

Alinitazama, mdomo wazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kunitazama usoni. Kisha akaanza kulia, kilio cha kutoka tumboni, akakimbilia kwa bibi yake.

Mama alikuwa amekaa chini ananyoosha mdomo wa chungu, mikono yote miwili imelowa udongo. Siku zote, akiwa hivyo na mtoto akaja analia, humwinulia kiwiko tu, na mtoto huingia chini yake kama kifaranga. Nilikuwa nimeona hivyo siku mbili nzima. Mtoto akasimama pale akilia, akingoja kiwiko. Kiwiko hakikuinuka. Mama alizungusha chungu, akanyoosha, akazungusha tena, mkono wake umebana ubavu. Mtoto akamsukuma begani. Akamwita. Mama akainama zaidi, na mdomo wa chungu kile ulikuwa umeshapinda, hata mimi nilikokuwa niliuona umepinda, lakini aliendelea kuunyoosha.

Mtoto akageuka. Alitazama huku na huku, uani palikuwa na vyungu, kuku na mimi. Nilikuwa nimempakata mdogo kwenye paja moja. Sikumwita wala sikunyoosha mkono, kwa sababu niliogopa kuharibu. Akaja polepole akilia njia nzima, kamasi na povu la sabuni vikimchuruzika pamoja, mpaka akagonga goti langu. Kisha akapanda paja lililobaki, akanishika shingo kwa nguvu kuliko nilivyojua mtoto wa umri ule anaweza, akaufukia uso wake pale.

"Namtaka mama," alilia shingoni kwangu. "Namtaka mama."

Nilijua anamtaka yupi. Na yule aliyekuwa anatakiwa alisikia, hatua chache tu kutoka pale, na hakuinua uso.

"Abee," nikamwitikia. "Abee, mwanangu."