Mashine ya Viti ya Mwalimu Apolonia

Mwalimu Apolonia alikuwa mwanamke wa Rombo aliyeletwa Madale na ndoa, akabakishwa na hesabu. Mtaani walimjua kwa mwendo wake wa haraka, sauti iliyovuka uwanja bila msaada, na tabia ya kumweleza muuza mihogo habari za namba tasa huku wateja wengine wakisubiri. Somo la kompyuta alipewa kwenye kikao ambacho yeye hakuhudhuria. Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mapazia, zulia na amri ya kuvua viatu mlangoni. Kilichokosekana ni kompyuta zenyewe.

Yeye hakuona shida.

"Kompyuta siyo kioo wala waya," aliwaambia wanafunzi waliokaa zuliani na soksi zao. "Kompyuta ni kanuni. Nipeni mstari mrefu wa vyumba, hata viti vitafaa, mtu wa kutembea juu yake, na kanuni za kutosha. Hesabu yoyote inayofanywa na mashine yoyote, nami nitaifanya."

Akamwomba Mkuu wa shule, Mwalimu Benson, viti vingi kadiri vitakavyopatikana. Mwalimu Benson akasema atalifanyia kazi, kauli ambayo pale shuleni ilimaanisha hapana.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya masomo ya ziada, fuso lilipoingia uwanjani na kushusha viti vya plastiki karibu na goli, Apolonia alifumba macho akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba vilikuwa viti vya kukodi, vya send-off ya Recho, binti wa nyumba inayopakana na shule aliyekuwa akiagwa kabla ya ndoa. Fuso lilikuwa limeshindwa kupanda kilima kwa sababu ya tope.

"Mstari mmoja!" aliamuru.

Mstari ukaanzia golini, ukakata uwanja, ukapenya kwenye mwanya wa ua wa michongoma, ukaingia uani kwa kina Recho na kuishia jukwaani, palipokuwa na kiti cha bibi harusi chenye mgongo wa dhahabu. Waandaaji walidhani ndiyo fasheni mpya ya mpambaji, wakanyamaza wasionekane washamba.

"Kiti chenye mtu ni moja, kiti kitupu ni sifuri, na kila kiti thamani yake ni mara mbili ya kilichotangulia," Apolonia alieleza. "Hope, wewe ndiye kichwa cha mashine. Anzia golini. Ukikuta mtu, mwinue, songa kiti kinachofuata. Ukikuta kiti kitupu, kalisha mtu, halafu usimame hapohapo. Ukimaliza, namba yetu itakuwa imeongezeka moja. Na usifikiri. Mashine haifikiri."

Hope alikuwa binti asiyejua kulichukulia jambo kwa wepesi. Akakunja mikono ya sweta.

Lakini wakati maelezo yakiendelea, wageni wa send-off walikuwa wameanza kufika, na mgeni wa Dar akiona kiti haulizi ni cha nani. Hope alipoanza kutembea, hapakuwa na kiti cha plastiki kitupu hata kimoja. Akamwinua wa kwanza. Akamwinua wa pili. Akina mama wenye sare za vitenge waliinuka mmoja mmoja, wakidhani ni utaratibu wa kwenda kuchukua chakula. Aliyejaribu kukaa tena alizuiwa na wanafunzi: "Mama, tafadhali, usiharibu kumbukumbu ya mashine."

Mwalimu Benson akaja mbio. "Apolonia! Hiki kitu kitasimama saa ngapi?"

"Hii mashine itasimama ikikuta kiti kitupu, Mkuu. Ila kwa mashine zote kwa jumla, ilishathibitishwa kwamba hakuna njia moja ya kujua ipi itasimama na ipi itaendelea milele."

"Kwa hiyo hujui."

"Siyo mie peke yangu. Hakuna anayejua."

Mbele kidogo, Hope alikuwa amekwama.

"Shikamoo babu. Kanuni inasema uinuke."

"Marahaba. Iambie kanuni mimi ndiye mjomba." Alikuwa Mzee Fakihi, mjomba wa Recho, aliyetoka Masasi na suti ya kaki na fimbo. "Mjomba wa mwali hainuliwi na kanuni."

Apolonia akachutama mbele yake kwa adabu. "Mjomba, ukiinuka hupotei. Moja yako inabebwa kwenda kiti cha juu yako. Huko thamani yake ni mara mbili."

"Kwa hiyo napanda?"

"Unapanda, mjomba."

Mzee Fakihi akainuka, akafunga vifungo vya koti, akamwagiza jirani yake naye apande bila kuchelewa. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi.

Hope akafika jukwaani. Kiti cha dhahabu kilikuwa kitupu, kwa kuwa Recho alikuwa ndani akibadilisha gauni. Hope akatazama kulia na kushoto, akamshika mkono Mwalimu Benson aliyemfuata akihema, akamkalisha.

Mshereheshaji, Jonas, alikuwa ameambiwa atangaze kiti kile kikipata mtu. Akatangaza. Vigelegele vikapasua maturubai. Dada wa keki, aliyekuwa na ratiba yake, akamlisha Mkuu wa shule kipande cha kwanza, naye akakimeza.

Recho akatoka na gauni la pili.

"Msimwondoe!" Apolonia alipiga kelele, machozi yakimlenga. "Ndilo jibu!"

Recho alimtazama Mwalimu Benson, malai ya keki mdomoni. "Sawa. Nyie mkimaliza hesabu, mniite." Akarudi ndani kuvua viatu.

Mzee Fakihi akasogea. "Mwalimu, sisi wote tuliosimama sasa ni sifuri?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na huyu mla keki ndiye moja. Thamani yake nini?"

"Thamani yake ni ninyi wote mliokuwa mmekaa, na mmoja zaidi."

Mzee Fakihi akavua kofia, akampa mkono Mwalimu Benson, na akina mama wakapanga foleni nyuma yake.

Jumatatu Apolonia aliitwa ofisini. Alikuwa ameshajiandaa kwa karipio. Mwalimu Benson akafunga mlango, akajikohoza.

"Lile ulilomwambia mzee, juu ya thamani yangu. Lipo kwenye mtaala, au ulikuwa unanipoza tu?"

"Lipo, Mkuu."

Akageuzageuza kalamu. "Basi uwafundishe na wa kidato cha pili," alisema.