Usimlipe Kasuku Anayeuma

Nakumbuka Jumapili moja nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimesimama sebuleni kwa watu huko mtaa wa Karen, nimevaa suti ya kuazima, damu inanidondoka kidoleni hadi kwenye kitambaa cheupe cha meza. Kitambaa kilikuwa cha Mama Njeri, na Njeri ndiye binti niliyetaka kumwoa. Aliyenitoa damu alikuwa kasuku wa yule mama, ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Chifu.

Mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Unasema kasuku uliyeachiwa na jirani yako hapo Kileleshwa anakuuma vidole, amekutafunia mlango wa kabati na rimoti ya televisheni, na sasa unatafuta mtu wa kumpa. Usiharakishe. Mimi na mvi zangu hizi nilikaribia kukosa mke kwa sababu ya ndege kama huyo, na mwisho wake nilishinda, tena mbele ya mashahidi. Wanangu wa kuzaa wanasema hadithi hii nimeisimulia mara nyingi mno. Waache waseme, hawakuwepo.

Siku hizo nilikuwa karani katika ofisi moja ya bima pale Hurlingham. Mimi ni mtu wa Vihiga, Njeri kwao ni Kiambu, lakini hilo halikumsumbua mama yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Chifu alikuwa amekaa naye miaka kumi na tatu, na karatasi za kibali cha kumfuga zilikuwa zimetunzwa ndani ya Biblia. Sasa huyu mama alikuwa na imani moja ambayo hata mchungaji hangeweza kumwondolea: kwamba Chifu anajua watu. Fundi wa bomba aliyemdanganya bei aliumwa. Msichana wa kazi aliyekuwa mwaminifu alichezewa sikio kwa upole. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Mara ya kwanza nilipokwenda kusalimia, aliniambia, "Mpe mkono akujue." Nikanyoosha kidole. Chifu akainamisha kichwa, akaleta ule mdomo wake mkubwa uliopinda, nami nikauvuta mkono haraka. Alivyoniuma, machozi yalinitoka. Lakini nilikuwa na njugu za chumvi mfukoni, nikamtupia mbili upesi kabla mama mtu hajageuka. Chifu akatulia, akatafuna. Nikajiona mjanja wa mji. Si wazee walisema mkono mtupu haulambwi?

Mara ya pili aliniuma kabla sijakaa. Nikampa krispi za viazi. Mara ya tatu ndiyo ile Jumapili ya kitambaa cheupe.

Mama Njeri hakupaza sauti. Alikikunja kile kitambaa polepole, akaniangalia. "Kijana, hii ni mara ya tatu," akasema. "Nilikuwa nimepanga kuwaita wazee wako baada ya Pasaka. Sasa nitangoja. Mtu ambaye Chifu hamtaki, mimi siwezi kumpa binti yangu."

Nilidhani anatania, nikacheka kidogo. Njeri hakucheka. Aliponisindikiza getini aliniambia, "Mama hafanyi mzaha na Chifu. Yule fundi wa bomba hajarudi mpaka leo." Nilimpenda yule msichana, mwanangu, nilimpenda hata chakula hakipiti kooni, na pale getini niliona kabisa kwamba ninampoteza kwa sababu ya ndege asiyefika hata nusu kilo.

Kando ya ua alikuwa amesimama Mzee Mutiso, Mkamba aliyetunza bustani ya pale na ndiye aliyesafisha tundu la Chifu kila asubuhi. Njeri aliporudi ndani, akaniita kwa kidole.

"Kijana, kuja hapa. Hiyo ndege umeipea kitu kidogo mara ngapi?"

"Kitu kidogo gani, mzee?"

"Njugu. Krispi. Nimekuona kwa dirisha. Inakuuma, unatoa. Inakuuma tena, unatoa tena. Sasa wewe unafikiria inakuchukia? Haikuchukii hata kidogo. Inakupenda vile askari wa trafiki anapenda dereva mwenye hana leseni."

Nilikasirika. Karani mzima mwenye tai, kufundishwa maisha na mtu aliyeshika jembe! Nikamjibu kwa kiburi kwamba mkono mtupu haulambwi.

"Ni kweli," akasema Mutiso. "Lakini wewe hulambwi. Wewe unaumwa."

 Nilitembea kuelekea steji ya matatu nikiwa na hasira, na kabla sijafika, hasira ikageuka aibu, kwa maana nilikumbuka kila njugu niliyotoa na nilitoa lini. Sikuwahi hata siku moja kumpa Chifu kitu akiwa ametulia. Niligeuka nikarudi mpaka kwenye ule ua. Kuuliza si ujinga, nikamwambia Mutiso, nifundishe.

Akaniambia nije kila Jumamosi asubuhi, Mama Njeri akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Na jambo la kwanza alilofanya ni kunigeuza mifuko yote nje, kama polisi. Hakuacha hata punje.

Halafu akaniambia, "Ndege haina mikono. Mdomo ndio mkono yake. Kabla ikanyage tawi, inaishika kwanza ione kama itavunjika. Ile siku ya kwanza haikutaka kukuuma. Ilikuwa inakupima. Wewe ukawa tawi yenye inakimbia."

Basi kazi yangu Jumamosi ile ilikuwa moja tu, kuuacha mkono utulie. Unaweza kucheka, lakini jaribu wewe. Chifu akashuka, akafungua mdomo, akakishika kidole changu. Niliusikia ulimi wake mkavu ukinigusa ngozi. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Sikuuvuta mkono. Akabonyeza kidogo, akaachilia, akaweka mguu mmoja, halafu wa pili. Alikuwa amesimama mkononi mwangu.

"Sasa lipa," Mutiso akasema. "Hapo ndipo unalipa." Akanipa punje moja ya hindi la kuchemshwa, lisilo na chumvi, nikampa Chifu. Punje moja tu, maana kasuku akishiba hana sababu ya kukusikiliza.

Na akiuma je? Hilo nililiuliza nikiwa nimeshaumwa Jumamosi ya pili. Mutiso alinikataza kupiga kelele, maana Chifu alizipenda kelele zangu kuliko njugu. Kwake lilikuwa tamasha. Alinikataza kumpiga au kumpulizia usoni, kwani ndege akikuogopa atauma kwa sababu nyingine mbaya zaidi. Nimrudishe tu kwenye kijiti chake taratibu, nimpe mgongo, nihesabu hadi ishirini, kisha nianze upya. Mwanangu, hakuna kitu kigumu kama kumpa mgongo aliyekuumiza bila kumtukana. Nimekaa kwenye ndoa miaka mingi na bado najifunza.

Jumamosi ya tatu nilifika na zawadi mbili. Nilileta kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu, nilichookota kwenye yadi ya mbao Ngong Road, ili Chifu apate kitu cha kutafuna. Nilileta pia maparachichi kutoka nyumbani, makubwa, yameiva vizuri. Huku kwetu si tunampondea mtoto parachichi anapoanza kula? Mutiso aliipokea ile mbao, akainusa, akaitupa kwenye takataka. "Rangi, na chini ya rangi kuna dawa ya mchwa," akasema. Kisha akaona parachichi. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika kweli. "Hii ukiipea Chifu, hutamwoa Njeri. Utamzika Chifu." Hilo lishike hata ukisahau mengine yote: parachichi ni chakula cha mtu, kwa kasuku ni sumu. Na chokoleti vilevile. Na zile krispi nilizokuwa nikijivunia, chumvi yake ilikuwa inamwumiza tumboni huku mimi nikifikiri namfurahisha.

Akanipeleka nyuma ya nyumba penye mpera. Tukakata matawi membamba, tukayaosha vizuri bila kuyabandua maganda. Tukachukua magunzi ya mahindi yaliyokauka, tukachukua kifuu cha nazi, na boksi safi la karatasi ngumu lisilo na gundi wala pini. Vyote tukamwekea Chifu. Alikishambulia kile kijiti cha mpera hadi sakafu ikajaa vipande.

"Mdomo ya kasuku ni shoka," Mutiso akaniambia huku akifagia. "Ukikosa kuipea kuni, itakata nyumba."

Toka siku ile, Chifu aliyefanya kazi yake ya asubuhi alinijia ametulia. Kwa hiyo rimoti yako hiyo, mwanangu, usimlaumu ndege. Ulimpa kuni gani?

Sitakudanganya kwamba tulipanda tu bila kuteleza. Jumamosi ya tano nilikuja na haraka zangu, Chifu akaniuma kidole gumba, na mkono wangu wenyewe ukaenda mfukoni kutafuta cha kumtuliza. Mutiso akakohoa. Nikautoa mkono, nikampa Chifu mgongo, nikahesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na Jumamosi ya nane Chifu alikuwa akiniona anashuka mwenyewe.

Baada ya Pasaka nilikwenda kwa Mama Njeri kwa mlango wa mbele. Sikusema mengi. Nilinyoosha mkono, Chifu akaushika, akaupima, akapanda. Yule mama akasema, "Waite wazee wako." Nilitaka kuruka hadi darini, lakini nilikuwa nimebeba ndege.

Sasa sikiliza ushindi wenyewe.

Siku ya utambulisho, baba yangu na baba zangu wadogo wawili walikuja kutoka Vihiga. Upande wa pili alikuwapo Mzee Kariuki, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Njeri, mfanyabiashara mwenye sauti kubwa, na ilijulikana wazi kwamba hakutaka binti yao aolewe mbali. Neno lake lilikuwa la mwisho. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Unajua desturi: siku hiyo wazee ndio husema, muoaji hutazama viatu vyake.

Mzee Kariuki akacheka. "Nasikia kasuku ndiye alikuwa hakimu wa kesi hii. Hebu nami anihukumu." Akanyoosha kidole kinene, Chifu akaleta mdomo kukipima, mzee akakivuta, na Chifu akauma. Mzee akapiga ukelele. Halafu nikaona mkono wake wa pili unaingia mfukoni, unatoka na njugu.

Sijui neno lilinitokaje. "Baba, usimlipe."

 Baba yangu alifumba macho. Kwenye mlango wa jikoni Njeri alisimama na trei ya chai, haendi mbele wala nyuma. Nilijua kwamba nimemkatiza mzee wa watu mbele ya wageni wake, na kwamba huenda nimepoteza kwa neno moja kile nilichokifanyia kazi Jumamosi nane.

"Umesema nini?" akauliza Mzee Kariuki.

"Samahani, Baba. Ukimpa sasa, kesho atakuuma tena. Mimi nilimlipa hivyo, akaniuma mara tatu, na ninazo alama." Nikamwonyesha kidole. Kisha nikaenda nikanyoosha mkono wangu, nikauacha utulie. Chifu akaushika, akapanda. Nikaiomba ile njugu kutoka kiganjani kwa mzee, nikaifuta chumvi kwenye leso, nikampa Chifu kipande kidogo. "Huyu aliyetulia ndiye anayelipwa."

Mzee alinikodolea macho. Na hapo Mama Njeri, mtu wa maneno machache, akaweka kikombe chake mezani.

"Shemeji," akamwambia, "msikilize mkwe wangu."

Mkwe wangu. Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo hadi dakika ile. Mzee Kariuki akamtazama, akanitazama, akarudisha njugu zake mfukoni moja moja, na akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. Baba yangu akafumbua macho. Njeri akaingia na chai, vikombe vikigongana kwenye trei kwa furaha. Ndiye huyuhuyu anayekupikia chapati ukija kwetu. Na zawadi ya kwanza niliyoinunua nikiwa mkwe wa nyumba ile ilikuwa koti la Mzee Mutiso, zito, la kuzuia baridi ya Julai.

Basi, mwanangu, usimpe mtu kasuku wako. Mpe mti safi wa kutafuna, mpe chakula kisichomdhuru, utulize mkono wako anapokupima, na zawadi yake impate akiwa mpole. Na haya si ya ndege peke yake. Utapata mtoto atakayejitupa chini dukani akitaka peremende. Utapata bosi anayefoka, na ndugu anayekununia mpaka umpe anachotaka. Usimpige yeyote kati yao, wala usimlipe. Ngoja atulie, na akitulia usichelewe kumwonyesha kwamba umeona, kwa sababu wengi wetu tunasahau sehemu hiyo ya pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe pia bado unalelewa na kila unachokikubali.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo usionunuliwa kwa kelele. Akupe watu wa kukuambia ukweli hata wakiwa wameshika jembe, na akupe masikio ya kuwasikia. Nyumba yako hiyo ya Kileleshwa ijae vicheko, na siku utakapokwenda kwa watu kuomba mchumba, uitwe mkwe kabla chai haijapoa. Amina.