Jina Lililoandikwa Mara Mbili

Nyumbani kwetu Usoke nilikatazwa kuitika mwito wa kwanza. Mama alikuwa akiniita, ananyamaza kidogo, kisha anaita tena, na hapo ndipo niliruhusiwa kusema abee. Nikiwahi, nachapwa. Kaka zangu waliitwa mara moja tu. Wapo wanaosema mwito wa kwanza huwa wa shetani, lakini huu ulikuwa wa mama mwenyewe, mchana kweupe, namwona amesimama mlangoni. Kile kimya cha katikati ndicho nilichokiogopa, maana alikuwa akitazama nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, si upande niliopo mimi.

Nilipoanza masomo ya theolojia mjini Tabora, nikiwa nimepanga chumba Gongoni, kichwa kilivimba. Mwalimu alitufundisha kuyahoji Maandiko: nani aliandika, aliwaandikia nani, mkono gani uliongeza nini baadaye. Nikarudi likizo nimejaa maswali hayo mpaka kooni.

Alasiri moja mama, ambaye macho yake yamefifia, aliniomba nimsomee mwisho wa Injili ya Marko. Nikasoma hadi mstari wa nane, pale wanawake wanapokimbia kaburini wakitetemeka, wasimwambie mtu neno. Nikafunga kitabu.

"Endelea," akasema.

"Nakala za kale zaidi zinaishia hapo, mama. Yanayofuata yaliongezwa na mkono mwingine." Nilisema kwa raha kabisa, Mungu anisamehe.

"Kwa hiyo si ya Marko?"

"Si yake."

"Na kanisa limeyaacha humo miaka yote hii?"

"Limeyaacha."

Akanyamaza, kimya kile kile. Kisha akanituma nilete Biblia ya marehemu baba kutoka kwenye sanduku la bati. Katika ukurasa mtupu wa mbele ndimo watoto wa nyumba ile walimoandikwa.

"Haya, msomi," akasema. "Soma na huu."

Kaka zangu watatu walikuwa pale kwa wino mweusi wa baba. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa kalamu ya bluu, kwa hati ya mama inayolala. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini. Juu ya jina langu karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Nikaupeleka ukurasa dirishani, nikauinua kwenye mwanga kama tulivyoonyeshwa chuoni. Pale palipokwanguliwa jina langu likajitokeza, kwa hati ya baba, na mbele yake tarehe mbili zilizopishana siku nane. Nilikuwa nasoma kifo changu.

"Huyo nilimzaa," mama akasema nyuma yangu. "Yuko nyuma ya bani. Wewe ulishushwa na treni hapo stesheni. Mama mmoja aliniomba nikushike akanunue maji. Tukangoja miezi, hakurudi mtu. Nikakupa nguo za yule mtoto wangu na jina lake. Baba yako akamkwangua yule, na wewe akakataa kukuandika. Nikaandika mwenyewe."

Nikamuuliza kuhusu mwito wa kwanza.

"Ni wake. Nilimwahidi sitampokonya vyote."

"Kwa hiyo mimi si wako."

"Sikio halipiti kichwa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma. Yaliyoongezwa, utayatoa?"

Nilifungua tena Injili nikasoma kuanzia mstari wa tisa hadi mwisho, naye akaitikia amina.

Asubuhi yake nilikuwa uani nachota maji. Mama akaniita. Nikasubiri, kama nilivyozoea tangu utotoni. Nikasubiri sana, mwito wa pili haukuja. Nilipogeuka, alikuwa mlangoni, hatazami bani, ananitazama mimi. Nikasikiliza kwanza kama kuna mwingine atakayeitika. Nyuma ya bani kulikuwa kimya.

"Abee, mama," nikasema.