King'ora cha Bushiri

Bushiri wa Kibiti alipata gari miaka ile ya ruksa ya kuagiza bidhaa nje, kwa biashara ya kamba wa pwani ya Mbuchi. Lilikuwa pikapu nyekundu ya Kijapani, iliyokwisha kuchoshwa na wenyewe, naye akaifungia king'ora cha wezi. Ukiigusa tu, ilipiga kelele hadi sokoni. Lakini kila asubuhi betri ilikuwa imekufa, na sisi tuliotoka kuswali alfajiri tuliisukuma kabla ya chai. Sijui mwizi gani angekuja na wasukumaji wake.

Kisha akaposa kijiji cha Ruaruke. Bi Mwanawetu, shangazi wa bibi harusi, alimkubalia kwa sharti.

"Habari za gari lako tunazo. Zaitun hatoki hapa na hina mikononi akasukume chuma. Likigoma kuwaka, analala kwetu."

Bushiri akakimbilia kwa Gharibu, fundi waya wa magari, nami nikafuata, maana mtu lazima asukume. Gharibu alichomoa waya mmoja wa betri, akaunganisha hapo kitaa kidogo. Kikawaka.

"Ufunguo umezima?"

"Huu hapa mkononi."

"Basi kuna mtu humu anakunywa umeme."

"Nilijua! Hasadi za majirani!" Bushiri akanitazama. Nikaangalia chini.

Gharibu alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha ikawa bapa. Aliipenyeza kwenye soketi ya nyaya, akachomoa pini moja moja huku akitazama kitaa. Pini ya redio ikatoka, kitaa kinawaka. Ya saa ikatoka, kinawaka. Ya king'ora ilipotoka, kitaa kikazimika.

"Mwizi wako huyu. Umemfunga mwenyewe."

"Basi irudishe."

"Niirudishe?"

"Gari lisilolia watu watajuaje lina mwenyewe?"

"Oa kwanza, bwana," alisema Gharibu, akaivisha ile pini utepe mweusi na kuiacha inaning'inia.

Siku ya harusi gari liliwaka lenyewe. Sisi wa msikitini tulisimama na mikono ya kanzu tumeshaikunja, hatuna kazi. Tukapanda, na Gharibu naye, hadi Ruaruke.

Watoto walilizunguka, wakaligusa. Kimya. Shaabani, mtani wake Bushiri, akacheka.

"Bubu hili! Umeliazima wapi?"

Bushiri hakuweza kuvumilia. Aliinama chini ya usukani, akabandua utepe, akairudisha pini. Gari likalia. Watoto wakashangilia, wakawa wanaligusa kwa zamu. Lililia shehe akisoma hotuba ya nikahi, likalia tukila pilau. Zaitun alipotolewa nje, sauti ilikuwa ya mbuzi mwenye mafua. Halafu ikakatika.

Zaitun akaketi garini. Bushiri akazungusha ufunguo. Tik.

Bi Mwanawetu akafungua mlango. "Shuka, mwanangu."

"Shangazi, nihurumie..."

"Mwache asukume," alisema Zaitun, akicheka ndani ya ushungi. "Sharti lilikuwa mikono yangu. Yake hamkuitaja."

Bi Mwanawetu akafikiri, kisha akafunga mlango.

Gharibu alishika usukani. Bushiri alivua joho, akaegemeza bega. Sisi tuliozoea tukasogea, Shaabani akatuzuia.

"Mwacheni! Mke ni wake!"

Injini ilishika baada ya nyumba ya mwisho. Gharibu hakuthubutu kusimama, akihofia lisije likazimika tena. Bibi harusi akaenda Kibiti. Bwana harusi akafuata mbio, kanzu ameikunja magotini, na vigelegele vya Bi Mwanawetu vikimsindikiza.