Nilivyoficha barua ya bibi wa Kiswidi kwa sababu ya wivu

Wakuu, salamu kutoka Husby, Stockholm. Hili jambo limenikaa rohoni, naliweka hapa lilivyotokea, hata pale ninapoonekana mbaya.

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Makete, kule kwenye milima ya baridi ya kusini. Nafanya usafi airport. Nina binti mmoja, Upendo, miaka kumi na tano, kazaliwa hapa hapa. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Wazazi wa huku mnanielewa.

Mwaka juzi rafiki yake Elsa alimwalika likizo ya kiangazi kwa bibi yake, Småland, jimbo la kusini, mashambani kabisa. Nikaruhusu.

Alirudi mtu mwingine.

Kila siku story ni za kijiji kile. Mara wakulima walivyong'oa mawe shambani kwa mikono na kujengea kuta. Mara njaa ilivyowakimbiza nusu ya kijiji kwenda Amerika. Yule bibi, Gunnel, anakusanya historia ya kijiji, na binti yangu ndiye alikuwa anashika simu kurekodi wazee.

Hayo nilivumilia. Kilichonichoma ni kusikia anamwita "mormor".

Mormor ni mama mzaa mama. Sasa wakuu, mama mzaa mama wa Upendo ni mama YANGU, yupo hai, yupo Makete, na kwenye simu anaambulia "Shikamoo bibi, nzuri, haya kwaheri." Dakika mbili.

Niliumia. Mtu akikuibia mume unajua pa kuanzia ugomvi. Huyu nimshtaki kwa lipi?

Oktoba hiyo hiyo ikaja barua. Gunnel anamwalika Upendo kwenye ile likizo ya shule ya wiki moja, kuna wazee wawili hawajarekodiwa. Niliisoma nimesimama pale mlangoni, nikaikunja, nikaificha kabatini chini ya sare zangu za kazi.

Ndiyo. Mtu mzima mimi.

Siku tano baadaye Elsa akamuuliza Upendo mbona hajamjibu Gunnel. Upendo akaja chumbani, akafungua kabati, akaipata. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mama, wewe una wivu." Kisha siku tatu hakunisemesha kwa lugha yoyote.

Nikampigia Gunnel, nia yangu nimkatalie mwenyewe, tuyamalize. Akanisikiliza, halafu akasema, "Njooni wote wawili. Nilimuuliza mtoto kwenu mnalima nini, akalia. Alisema hajui, mama hajawahi kumwambia."

Tukaenda, treni kisha basi. Nilitegemea kukuta bibi mwenye maringo. Nikakuta mama mfupi, kucha zina udongo, anamenya viazi. Baridi ile, ukungu ule, viazi vile, nikajiona Makete kabisa.

Baada ya kula akaweka simu mezani. "Leo tunasikiliza kusini kwenu."

Nikaanza. Mashamba ya pareto, ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanaume waliokwenda Tanga kuwa manamba, vibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Upendo alikuwa ananitazama kama hajawahi kuniona. Akauliza, "Babu yako naye alienda?"

"Alienda, baba yake bibi yako."

"Alirudi lini?"

Sikujua. Nilijua kaburi lake tu, tulikuwa tunalifagia kila Krismasi.

Upendo akachukua simu yake, akampigia bibi yake Makete, akaweka spika. "Shikamoo bibi. Baba yako alirudi lini kutoka mkonge?"

"Marahaba mjukuu wangu." Nikamsikia akivuta kigoda. "Hakurudi. Wenzake walirudi bila yeye. Koti lake lilibaki kwenye msumari, tukalizika koti."

Wakuu, nilifagia kaburi la koti utoto wangu wote.

Nikaingilia, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Wewe unauliza kama dawa nimekunywa." Akamrudia Upendo, "Mjukuu wangu, bado upo? Koti lilikuwa la kaki, mama yangu alilishonea mfuko mpya kabla ya kulizika..."

Waliongea zaidi ya saa nzima. Kiswahili kilipomshinda Upendo, alinigeukia nimsaidie neno, kisha akanipa mgongo tena. Gunnel hakuelewa chochote, lakini alinisogezea kahawa, akakaa karibu yangu.

Na sitawadanganya, wivu haukuisha. Ulihama tu. Nilikaa pale namwonea wivu mwanangu, kwa kuambiwa na mama yangu mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa.

Nilichojifunza: mtoto hajakataa kwenu, ila hana pa kushika. Mpe. Na mzee wako akiwa hai, acha kumuuliza dawa peke yake, muulize alikotoka.

Sasa Upendo na bibi yake wanapigiana kila Jumapili. Mimi naambiwa nipunguze sauti ya TV.

Wenye watoto ughaibuni, nyumbani kwenu hali ikoje? Na kama kuna mtu wa Makete ambaye kwao walizika nguo ya manamba, tafadhali aandike hapa chini. Mama anataka kujua kama walikuwa peke yao.