Kijana Asiyemtazama Fahali

Nilipaswa kukataa uhamisho wa kwenda Mbeya. Mkuu wa shule aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikatia sahihi kwa kalamu yake. Sikumwambia kwamba nilikuwa naikimbia picha.

Ilikuwa imekatwa kwenye kalenda ya padri. Mwalimu mwenzangu, Mngoni, aliipigilia ukutani kwetu Iringa kuwa zawadi ya harusi. Aliyeichora ni Mhispania wa karne ya kumi na tisa: watu wamejaa jukwaani wakitazama mchezo wa kupigana na fahali. Fahali mwenyewe haonekani, ni nyuso tu. Mbele ameketi mwanamke mwenye upepeo, na mumewe kasimama kando yake anapiga kelele. Nyuma yao yupo kijana ambaye peke yake hatazami uwanjani. Anamtazama yule mwanamke.

"Huyu mbona hamtazami ng'ombe?" mke wangu aliuliza Jumapili moja, akimenya maharage.

"Ng'ombe wa nini? Anakutazama wewe, mke wangu," Mngoni akajibu, mkono wake tayari umo kwenye sufuria yetu ya kuku. "Huyo anayebweka ndiye mumeo."

"Toka hapa! Rudi Songea ukatafute wako!"

Walicheka mpaka mke wangu akafuta machozi. Mimi ni Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani. Mtani atamwita mkeo wake, atakula kuku wako, na ukikasirika aibu ni yako. Hayo niliyajua tangu utotoni. Ila mke wangu hakuwahi kucheka vile kwa neno langu hata moja. Tangu siku hiyo yule kijana wa nyuma akawa na uso wa mtani wangu.

Tulipofika Mbeya niliikuta picha imekunjwa ndani ya khanga zake. Nikaitia mekoni.

Mke wangu aliyatazama majivu, akasema polepole, "Kumbe ulikuwa unaamini utani ule?"

Baada ya wiki chache nikawa namuuliza fundi cherehani wa jirani kwa nini alimchekea mke wangu. Kisha nikaanza na katekista. Hao hawakuwa Wangoni, wala ukutani hapakuwa na picha.

Mwaka wa pili mke wangu alipanda basi la Iringa asubuhi, hakurudi. Sahihi ile ilinigharimu mke ambaye hakunikosea kitu, na mtani niliyeona haya kumwandikia hadi alipofariki. Sikuoa tena.