Gazeti Lisilolala

*Ahadi ina uzito, kushinda cheo cha mtu,*
*Hata uwapo mtoto, kuitimiza ni utu.*

Jumatatu tuliketi benchini katika ofisi moja mjini Migori, tukingoja zamu. Akaingia msichana wa miaka kama kumi na saba, msambaza magazeti, akamkabidhi bosi wa ofisi gazeti lake, akabaki na gazeti moja kwapani. Karani wa kaunta akainuka, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo, msichana, nione michezo."

"Hii ni ya mwalimu mstaafu hapo ng'ambo, mkubwa. Nimemwahidi."

"Dakika mbili tu. Ama nimpigie mdosi wako, akufute leo leo?"

"Leo ndiyo nimeanza kazi. Piga tu." Akalikumbatia. "Lakini gazeti ikifunguliwa ni ugali imelala. Mwalimu aliitisha ya moto."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akapiga makofi: "Huyo ni nyarwa, binti yetu!"

Mimi, nisahihishaye ngeli hata katika kadi za harusi, niliyasikia makosa yake yote nikayaacha palepale. Sentensi ile ilinyooka kuliko wengi wetu.

Msichana akaondoka, gazeti halijakunjuliwa. Sisi tulikuwa tumeketi. Karani ndiye aliyebaki amesimama, mkono mtupu.